Moshi wa Jikoni: Adui Tuliyemzoea

Leo tunamzungumzia adui anayeishi nasi nyumbani. Hatumfukuzi kwa sababu tumemzoea, na wahenga walisema mazoea yana taabu. Adui huyo ni moshi wa jikoni, pamoja na hewa chafu inayojifungia ndani ya nyumba zetu.

Pengine utauliza: moshi nao una historia gani? Babu zetu walikuwa na moto, na sisi tuna moto. Ni kweli. Lakini nyumba zimebadilika, majiko yamebadilika, na elimu ya madaktari pia imebadilika. Ukijua tulikotoka, utaelewa kwa nini leo tunakuomba uitazame upya hewa ya nyumbani kwako.

Tuanze na nyumba za zamani. Katika sehemu nyingi za nchi yetu, moto wa mafiga matatu uliwashwa ndani ya nyumba. Moshi wake ulikuwa na kazi. Ulikausha mahindi yaliyowekwa juu darini na kuwafukuza wadudu walioharibu nafaka na nyasi za paa. Nao moto wenyewe ulileta joto katika sehemu za milimani zenye baridi kali. Ndiyo maana moshi haukuhesabiwa kuwa chanzo cha ugonjwa. Macho yakitoa machozi, ilisemwa kuni ni mbichi. Mama akikohoa, ilisemwa ni baridi.

Tusidanganyane, nyumba hizo zilikuwa na moshi mwingi. Hata hivyo, paa la nyasi lilikuwa na jambo moja jema: moshi ulipenya polepole kati ya nyasi ukatoka nje. Kisha yakaja mabati. Bati huzuia mvua vizuri sana, lakini pia huzuia moshi. Kama fundi hakuacha nafasi kati ya ukuta na paa, na kama dirisha ni dogo au halipo kabisa, moshi hauna njia.

Si moshi peke yake. Mvuke wa sufuria na pumzi za watu waliolala hupanda juu, hukutana na bati lenye baridi, hugeuka maji na kulowesha ukuta. Baada ya muda utaona madoadoa meusi au ya kijani kwenye kona, nyuma ya kabati na chini ya kitanda. Hiyo ni kuvu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo likieleza kwamba watu wanaoishi katika nyumba zenye unyevu na kuvu huugua zaidi magonjwa ya kupumua, ikiwemo pumu. Basi tatizo la moshi na tatizo la kuvu yana mzizi mmoja: nyumba isiyopumua.

Sasa tuje kwenye makaa. Huelezwa kwamba jiko la bati la kuchomea makaa lililetwa na mafundi na vibarua kutoka India waliojenga reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu, kati ya mwaka 1896 na 1901. Jiko hilo liliwafaa sana watu wa mijini waliopanga chumba kimoja. Makaa hayatoi moshi mwingi kama kuni, kwa hiyo watu wakaona kwamba shida imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Makaa yanapowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ukiivuta, hushikamana na damu kwa nguvu kuliko oksijeni, kiasi kwamba moyo na ubongo hukosa hewa ya kutumia. Mtu huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi humchukua. Moshi wa kuni hukukohoza ukatoka nje. Sumu hii hukubembeleza ukalala, na wengine hawakuamka.

Ngoja tuvuke bahari kidogo, kwa sababu kuna somo huko. Desemba mwaka 1952, jiji la London lilifunikwa na ukungu mzito uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe kutoka viwandani na majumbani. Kwa siku 5 watu walitembea wakipapasa. Hesabu ya kwanza ilionyesha kwamba watu wapatao 4,000 walikufa. Watafiti wa baadaye walisema huenda walifika 12,000. Mwaka 1956, Bunge la Uingereza likapitisha Sheria ya Hewa Safi. Wakati huo huo, katika Kenya iliyokuwa chini ya utawala wa Uingereza, akina mama walikuwa wakiinama kwenye mafiga kila asubuhi na kila jioni. Moshi wa London uliwafunika wakubwa kwa wadogo, nao ukapata sheria. Moshi wa jikoni ulimfunika mama na mtoto aliye mgongoni, nao ukasubiri miaka mingi hata kupimwa.

Dalili zilikuwepo. Katika miaka ya 1950, madaktari mjini Delhi, India, akiwemo Dkt. Sivaramakrishna Padmavati, waliona wanawake wengi wenye ugonjwa wa moyo uliotokana na mapafu kuharibika, ilhali wengi wao hawakuvuta sigara. Hapa kwetu, daktari wa upasuaji Peter Clifford aliyefanya kazi Nairobi aliandika mwaka 1972 kuhusu saratani ya nyuma ya pua, akishuku moshi unaovutwa ndani ya nyumba. Baadaye ilifahamika kwamba saratani hiyo inahusiana sana na kirusi, lakini swali lake kuhusu moshi lilikuwa la haki.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtafiti wa Marekani Kirk Smith na wenzake walikwenda vijijini Gujarat, India. Waliwapa akina mama vifaa vidogo vya kupima hewa, wakavaa wakati wa kupika. Ikaonekana wazi kwamba hewa ya jikoni kijijini inaweza kuwa chafu kuliko hewa ya mji wenye viwanda. Katika miaka hiyo hiyo, watafiti kutoka Kenya na Uholanzi walipima nyumba za Maragua na kukuta moshi mwingi mno.

Na je, Kenya ilifanya nini? Agosti 1981, Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa wa nishati hapa Nairobi. Baada ya hapo likazaliwa jiko ambalo bila shaka unalijua: lenye bati nje na udongo wa kuchomwa ndani, kiuno chembamba. Wazo lilitoka Thailand, likarekebishwa na Wakenya kama Maxwell Kinyanjui, na mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo wakalitengeneza kwa wingi. Lilipunguza makaa kwa kiasi cha thuluthi moja hadi nusu. Vijijini, jiko la kuni la udongo lilisambazwa kupitia Maendeleo ya Wanawake.

Hayo yalikuwa maendeleo makubwa. Lakini angalia vizuri, msikilizaji: majiko hayo yalibuniwa zaidi kuokoa miti na pesa. Mapafu ya mama hayakuwa mbele katika hesabu.

Mapafu yakaja kuhesabiwa baadaye. Katika miaka ya 1990, watafiti Majid Ezzati na Daniel Kammen walifuatilia nyumba 55 huko Mpala, Laikipia, zenye watu 345. Matokeo yao ya mwaka 2001 yalionyesha kwamba kadiri mtu alivyovuta moshi zaidi, ndivyo alivyougua zaidi magonjwa ya kupumua. Waligundua pia kwamba mama hupata dozi kubwa kuliko wote, kwa sababu yeye ndiye anayeinama kupuliza moto na kukoroga sufuria wakati moshi ni mzito.

Kule Kajiado na magharibi mwa Kenya, kati ya mwaka 1998 na 2001, shirika lililoitwa wakati huo ITDG lilikaa na akina mama na kuwauliza wao wenyewe wanataka nini. Katika manyatta za Wamaasai, mafundi waliweka kofia za bati juu ya moto zenye bomba la kutoa moshi nje. Kwingine walipanua madirisha na kuacha nafasi chini ya paa. Moshi ulipungua sana, hasa penye kofia hizo.

Lakini tuwe wakweli. Nchini Malawi, uchunguzi wa watoto zaidi ya 10,000, uliotolewa Desemba 2016, ulijaribu majiko bora ya kuni. Nimonia haikupungua. Sababu moja inayotajwa ni kwamba mtoto bado alivuta moshi wa taka, wa taa na wa majirani. Jiko jipya peke yake halitoshi. Ni lazima hewa yote anayovuta mtoto iwe safi.

Na mzigo bado ni mzito. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani, vikiwemo vya watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka 5. Hapa Kenya, sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya nyumba zilipika kwa kuni, na karibu robo tu kwa gesi.

Basi, ufanye nini? Anza na lile unaloweza leo.

Mama, kausha kuni kabla ya kuzitumia. Kuni mbichi ni moshi mtupu. Loweka maharagwe na githeri usiku ili zisichemke saa nyingi. Funika sufuria. Usimbebe mtoto mgongoni unapowasha moto. Mwache na mtu mzima au ndugu yake mkubwa mahali penye hewa.

Baba, dirisha la jikoni ni kazi yako. Toboa nafasi chini ya paa, pande mbili zinazotazamana, ili hewa iingie huku na kutoka kule. Ikiwa kuna nafasi, jenga jiko nje kidogo ya nyumba ya kulala. Na kama pesa zinaruhusu, nunua mtungi wa gesi kabla ya kununua redio ya pili.

Nawe mwenye ploti, chumba kisicho na dirisha linalofunguka si chumba cha kulala watu. Rekebisha bomba linalovuja na paa linalotona. Kuvu haiondoki kwa kupakwa rangi. Zuia maji kwanza, sugua ukuta kwa sabuni na maji, kisha uache ukauke.

Sote, tusiingize jiko la makaa chumbani usiku, hata liwe limebakia majivu mekundu tu. Jifunike blanketi la ziada. Koroboi nayo iwekwe kando. Tangu mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani limeshauri mafuta taa yasitumike ndani ya nyumba. Taa ndogo ya sola ni salama zaidi. Na kwa mbu, tumia chandarua chenye dawa, usitegemee moshi.

Mtoto akipumua haraka haraka, mbavu zikiingia ndani anapovuta hewa, au akishindwa kunyonya, usingoje kesho. Mpeleke kituo cha afya mara moja. Na ukimkuta mtu amelegea katika chumba chenye jiko la makaa, fungua milango, mtoe nje kwenye hewa, kisha umkimbize hospitalini.

Mpendwa msikilizaji, London walichukua miaka 4 tangu msiba hadi sheria. Sisi tumeishi na moshi wetu vizazi na vizazi. Leo jioni, chakula kikiwa motoni, simama mlangoni utazame juu. Ukiona masizi meusi kwenye bati, jua kwamba hayo ndiyo yanayoingia pia kifuani mwa wanao. Chukua nyundo, au mwite fundi.