Klabu za Bandarini na Wageni wa Kariakoo

Wengi wetu tulishuka stesheni ya Dar es Salaam mara ya kwanza tukiwa na sanduku la bati na barua mfukoni, tukaipeleka kwa mtu tusiyemjua hata sura. Barua za namna hiyo zina historia ndefu mjini pale.

Enzi za Waingereza, ufukweni Kivukoni palikuwa na Klabu ya Dar es Salaam, ya Wazungu peke yao. Jengo lake baadaye likawa Hoteli ya Forodhani, kisha Mahakama ya Rufani. Klabu za aina hiyo, toka ile ya Mombasa iliyoanzishwa 1897 hadi za London, zilikuwa na desturi ya kupokeana wanachama. Msafiri alishuka melini na barua ya katibu wa klabu ya kwao, akaandika jina kitabuni, na papo hapo akawa mwanachama wa muda. Kiingilio hakulipa. Klabu mwenyeji ilitegemea kwamba kesho mtu wake naye angepokewa ugenini. Mgeni akiondoka na deni, barua ilimfuata kwao. Waafrika waliokuwamo ndani walikuwa watumishi.

Ng'ambo ya Mnazi Mmoja kulikuwa na Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kwa wapagazi wa jeshi la Uingereza waliopiga kambi pale katika Vita Kuu ya Kwanza. Huko watu walikuwa na vyama vya beni, ngoma iliyoanzia pwani ya Kenya miaka ya 1890. Vikubwa vilikuwa viwili, Marini na Arinoti, navyo vilikuwa na Kingi wao, majenerali wao na madaktari wao, na matawi yaliyofuata reli na askari hadi bara. Walizika wafu, waliuguza wagonjwa, na walipokea wageni. Baada ya vita, maofisa wa Kiingereza walivichunguza kwa hofu, maana watu waliopelekeana barua toka mji hadi mji bila kupitia bomani waliwatia wasiwasi.

Marehemu babu yangu alikuwa Arinoti wa Tabora. Alinihadithia kwamba alipofika Dar es Salaam kutafuta kazi, hakuwa na ndugu wala senti, ila alikuwa na karatasi ya tawi lake. Alilala siku tisa nyumbani kwa mtu wa kabila jingine, akila sahani moja na watoto wa nyumba. Nilimwuliza, je, angepiga hodi kwa Marini? Alicheka sana. Marini walijiona waungwana, na Arinoti kwao walikuwa washamba wa bara. Basi tusidhani ubaguzi ulikaa Kivukoni tu.

Mwaka 1929 kilianzishwa mjini humo Chama cha Waafrika, nacho kilikuwa na matawi na mikutano yake Zanzibar, Dodoma na Dar es Salaam. Huko ndiko ilikotoka TANU, mwaka 1954. Mimi naamini kazi ya kupokea mjumbe wa mji mwingine haikuwa ngeni kwa watu waliokwisha kuizoea katika ngoma.

Juzi kijana wa kidato cha sita wa shule yetu aliniomba barua ya kwenda nayo Dar es Salaam. Nilimwandikia mwenzetu mmoja wa Kariakoo, ambaye sikumwona tangu tulipomaliza. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili: kijana kafika, anakula vizuri, na shati lake moja limesahauliwa kambani.