Kodi inapanda, haishuki: historia ya sanduku tupu la miji yetu



Siku moja baada ya mvua nilikuwa sokoni. Mama mmoja aliyekimbia vita kutoka Masisi alikuwa ameketi nyuma ya mafungu yake ya sombe, na maji machafu yalikuwa yanapita karibu na miguu yake. Mkusanyaji wa takse ya soko akafika, akapokea franka zake, akampa kipande cha karatasi, akaendelea na meza ya pili. Mama akanitazama akasema: "Mutoto yangu, weye unaandikaka habari. Hii feza yetu inaendaka wapi?"

Jibu ambalo wengi wetu tunalo mdomoni ni moja tu: "Wameikula." Mara nyingi ni kweli. Lakini jibu hilo halitoshi. Wakubwa wangapi wamebadilishwa katika miji yetu, na mfereji bado umejaa takataka? Kama mwizi angekuwa mtu mmoja, tungepumzika siku alipoondoka. Ukifuata habari za zamani unaona kwamba shida iko pia katika njia ambayo pesa inapitia. Njia hiyo ilichimbwa zamani, na ilichimbwa ili pesa ipande juu. Hakuna aliyeichimbia njia ya kushuka.

Kodi ya kichwa

Wakati wa mfalme Leopold II, wazee wetu walitozwa kodi kwa jasho na kwa mpira wa msituni. Mwaka 1908 Ubelgiji ilichukua nchi, na mwaka 1910 serikali ya kikoloni ikatoa dekreti ya kodi ya fedha. Kila mwanaume mzima alitakiwa kulipa, na mwenye wake wengi aliongezewa. Kodi ile ilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kujaza sanduku la koloni. Ya pili ilikuwa kuwatoa watu vijijini, maana mtu asiye na franka alilazimika kwenda kuzitafuta kwenye migodi na mashamba ya wazungu. Asiyelipa alifungwa.

Aliyelipa hakuwa na neno la kusema. Hakuonyeshwa daftari, na hakuulizwa kama anataka barabara au zahanati. Kodi ilikuwa alama ya kutawaliwa, basi.

Miji ilipokua, mwaka 1931 Wabelgiji waliunda mitaa ya Waafrika iliyoitwa santre ekstrakutumie. Kila mmoja ulipewa chefu, baraza na sanduku lake la fedha. Lakini chefu aliwekwa na serikali, na matumizi yalisimamiwa na mtawala mzungu wa teritware. Sanduku lilikuwa la wenyeji kwa jina, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa mwingine.

Kura za kwanza za miji zilikuja mwishoni mwa mwaka 1957, baada ya sheria ya tarehe 26 Machi ya mwaka ule. Zilianza Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, kisha Elisabethville na Jadotville, ambazo leo ni Lubumbashi na Likasi. Miji mingine ikafuata mwaka 1958. Joseph Kasa-Vubu, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa nchi, alianzia hapo: alikuwa burgomesta wa komine ya Dendale. Hata hivyo juu ya maburgomesta hao alikaa burgomesta mkuu, Mbelgiji aliyewekwa na serikali. Kasa-Vubu alipoingia kazini Aprili 1958 alitumia hotuba yake kudai uhuru wa kujitawala. Alikuwa amepewa kiti, akaona mara moja mpaka wa kiti chenyewe.

Zaire: makomisari na salongo

Uhuru ulikuja mwaka 1960, na Mobutu alichukua mamlaka tarehe 24 Novemba 1965. Tangu hapo mambo yote yakavutwa Kinshasa. Komine zikaitwa zone, na viongozi wake wakawa makomisari wenye kuteuliwa kutoka juu. Walijua vizuri ni nani wa kumfurahisha ili wabaki kazini, na huyo hakuwa muuza sombe.

Wazee wanakumbuka salongo. Raia walitoka na majembe na fagio kusafisha mifereji na barabara, kwa lazima na bila malipo. Mtu alilipa kodi, kisha akafanya kwa mikono yake kazi ambayo kodi ilipaswa kufanya. Alilipa mara mbili.

Mwaka 1982 ilitoka sheria ya kugawa madaraka. Zone zikapewa mabaraza na bajeti zao. Kwenye karatasi ilikuwa hatua nzuri, lakini pesa zenyewe ziliendelea kushikwa juu.

Kisha serikali ikaanguka mfukoni. Askari wasiolipwa vizuri walipora miji Septemba 1991. Januari 1993 wakapora tena, baada ya kulipwa kwa noti mpya ya zaire milioni 5 ambayo wafanyabiashara waliikataa. Mshahara wa mtumishi wa serikali haukuweza tena kununua chakula cha mwezi. Watu wakasema tuishi kwa Artikle 15, maana yake kila mtu ajitafutie. Ofisini neno hilo lilikuwa na maana yake: karatasi ikawa na bei, muhuri ukawa na bei, kizuizi cha barabarani kikawa na bei. Vitakse vingi vinavyotuchosha leo vilizoeleka katika miaka ile. Mtumishi asiyelipwa aligeuka kuwa bajeti yake mwenyewe. Alichokusanya asubuhi kilikuwa mshahara wake jioni, na sanduku la mji lilisikia tu habari.

Vita vya 1998 hadi 2003 viliongeza jambo lingine. Upande wetu wa mashariki ulitawaliwa na vikundi vyenye silaha, na kila kimoja kilihitaji pesa haraka. Huko Butembo na Beni wafanyabiashara wakubwa walilipa ushuru wa mpakani mapema, kabla bidhaa hazijafika. Kwa hiyo kodi ya kesho ililiwa leo. Goma nayo ilichomwa na Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002, lava ikapita katikati ya mji, na utawala uliokuwepo haukuwa na sanduku la kuujenga upya. Wenyeji walirudi, wakapanga mawe yale yale ya lava, wakajenga wenyewe.

Hesabu ya 100, 40 na 16

Sasa tufike kwenye sheria inayotuhusu leo. Katiba ilitangazwa tarehe 18 Februari 2006. Kifungu chake cha 175 kinasema kwamba asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na kwamba jimbo linakata sehemu yake palepale pesa inapokusanywa. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 ikaongeza: katika sehemu ya jimbo, asilimia 40 ni ya miji, komine, sekta na sheferi.

Tufanye hesabu kama ya sokoni. Chukua franka 100 za mapato ya taifa. Franka 40 ni za majimbo. Katika hizo 40, franka 16 ni za miji, komine, sekta na sheferi. Si sadaka ya gavana wala zawadi ya rais. Ni haki iliyoandikwa.

Na kwa vitendo? Ile kukata palepale haikufanyika. Pesa zote zinapanda kwanza Kinshasa, halafu Kinshasa inarudisha kiasi inachotaka, wakati inaotaka. Ndiyo hiyo inayoitwa retrosesio. Magavana wamelalamika juu yake miaka yote, na wana haki. Lakini jimbo nalo likipokea kidogo, linaitendea komine vilevile. Gavana analia juu ya Kinshasa, burgomesta analia juu ya gavana, na mama wa sokoni hana wa kumlilia.

Hapo ndipo upungufu wa bajeti unapozaliwa. Komine inaandika bajeti ikihesabu pesa iliyoahidiwa. Tuseme imeandika 100, na mwisho wa mwaka imepata 30. Zile 30 zitalipa nini kwanza? Zitalipa watu wa ofisi, mafuta ya gari na safari za kwenda kudai retrosesio. Takataka, taa na mifereji vinabaki kwenye karatasi. Na kwa kuwa hakuna anayejua hasa ni kiasi gani kilifika, mwenye mkono mrefu anajificha vizuri nyuma ya maneno "retrosesio haijafika". Mara nyingine ni kweli haijafika. Mara nyingine ilifika usiku.

Watu wasiohesabiwa

Kuna jambo moja ambalo jamaa waliohama wanapaswa kulijua. Sheria ya 2008 inasema pesa za komine na sekta zigawanywe kwa kutazama uwezo wa kuzalisha mapato, ukubwa wa eneo na wingi wa watu. Lakini mara ya mwisho nchi yetu kuhesabu watu wote ilikuwa mwaka 1984. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa ana watoto wakubwa, na pengine wajukuu.

Kwa hiyo mji uliopokea maelfu kwa maelfu ya familia kutoka Masisi, Rutshuru au Kalehe hauna hesabu ya kuweka mezani. Watu wameongezeka kwenye bomba la maji, shuleni na hospitalini, ila si kwenye daftari la kugawa pesa. Halafu mwenyeji anamnung'unikia mkimbizi kwamba amejaza mji. Ndugu yangu, yule mama wa sombe analipa takse kila siku kama wewe. Anayestahili kunung'unikiwa ni daftari la 1984.

Tena kuna jambo la kura. Katiba ya 2006 iliahidi serikali za mitaa zinazochaguliwa. Kura za madiwani wa komine zilikuja Desemba 2023 tu, tena katika komine chache, na Masisi na Rutshuru hazikupiga kura kwa sababu ya vita. Kwa miaka yote hiyo meya na burgomesta waliteuliwa. Tarehe 6 Mei 2021 utawala wa kijeshi ukaanza Kivu ya Kaskazini na Ituri: viongozi raia wakawekwa kando, na bunge la jimbo, ambalo kazi yake ni kupitisha bajeti na kudai hesabu, likasimamishwa. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ikaingia mikononi mwa M23, na Februari Bukavu ikafuata. Benki zikafungwa. Lile bomba la Kinshasa ambalo lilikuwa linadondosha matone likakatika kabisa. Takse ya soko haikukatika.

Mahali ambapo pesa ilionekana

Nisiwaache na huzuni peke yake. Kuanzia mwaka 2010 na 2011, Kivu ya Kusini ilijaribu kitu kinachoitwa bajeti shirikishi. Katika komine za Bukavu, yaani Ibanda, Kadutu na Bagira, na sehemu kama sheferi ya Luhwindja, raia waliitwa kwenye mikutano, mara nyingine kwa ujumbe wa simu. Waliambiwa komine ina kiasi gani cha kutumia, wakachagua wenyewe kazi ya kwanza: darasa, daraja dogo, bomba la maji. Baadaye wakaambiwa pesa ilitumikaje.

Haikuwa dawa ya kila ugonjwa, na ilitegemea sana msaada wa nje. Lakini ilionyesha jambo ambalo wakubwa hawapendi kulisikia: watu walipoona kazi ya pesa yao, walikuwa tayari zaidi kulipa. Wanaosema raia wa Kongo hataki kulipa kodi wamekosea. Tangu 1910 hajaacha kulipa. Anachokataa ni kulipa gizani.

Kwa hiyo, yawezekanayo kwetu ni madogo, ila yapo. Ukilipa, omba kipande, kisha ukitunze. Usigombane na mwenye silaha kwa ajili ya karatasi, uhai ni wa kwanza. Lakini pale ambapo kuna chefu wa kartie, mkutano wa mashirika ya raia au diwani, maswali ni matatu tu: mwaka huu kimeingia kiasi gani, kimetumika wapi, na sisi tuliohama tumehesabiwa? Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Miji yetu imepotelewa hivyo kwa zaidi ya miaka 100.

Nilirudi kwa yule mama nikamweleza hesabu ya 100, 40 na 16. Alinyamaza kidogo. Kisha akatoa chini ya meza mfuko wa plastiki wenye vipande vyake vya takse, vyote, tangu siku aliyofika mjini. "Nilifikiri niko mujinga kuvichunga," akasema. Nilimwambia avichunge bado.