Utengaji wa Rangi: Istilahi na Ardhi ya Kibera

Katika matumizi ya kila siku, "ubaguzi wa rangi" hubeba mizigo miwili: dharau ya mtu kwa mwenzake wa rangi nyingine, na mfumo wa dola unaoamua kwa sheria nani aishi wapi na amiliki nini. Kwa huu wa pili napendekeza "utengaji wa rangi". "Utengano" haufai, kwa kuwa hutokana na kutengana, jambo la pande mbili, kama linavyosikika katika methali "Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu". "Utengaji" hudai mtendaji. Tena, kutenga ni kumweka mtu kando, na pia ni kuiwekea ardhi matumizi au mwenyewe maalumu. Historia ya Nairobi yaonyesha kuwa kutenga ardhi ndiko kulikozaa kutenga watu.

Ushahidi uko Soko la Toi, pale Kibera inapopakana na Woodley, mtaa uliojengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya Wazungu. Kibra, kama Kibera ilivyoitwa kwanza, yaani msitu kwa Kinubi, ilitengewa askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles (KAR) mwanzoni mwa karne ya 20, ikiwa na zaidi ya ekari 4,000. Lakini hawakupewa hati. Sheria ya Ardhi ya 1915 iliwaruhusu walowezi kukodi mashamba kwa miaka 999, ilhali Wanubi walikuja kuhesabiwa wapangaji wanaokaa kwa hisani ya serikali. Mwaka huohuo ikatungwa sheria ya kuwasajili wanaume Waafrika, nayo baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikawavisha kipande, yaani kitambulisho, shingoni, ili kibarua anayemtoroka mwajiri asakwe na kurudishwa. Upande wa Kawangware na Dagoretti, Wakikuyu walibanwa ndani ya hifadhi yao. Mlowezi alitaka ardhi isiyo na mshindani na vibarua wa bei nafuu. Hifadhi zilimpa ya kwanza, kipande kikamsaidia kuwashika hao wa pili.

Kuna watakaosema kwamba chanzo kilikuwa afya. Ni kweli tauni ilipoingia mwaka 1902, soko la Wahindi lilichomwa moto, na yapata miaka kumi baadaye Profesa Simpson, mtaalamu wa afya, akapendekeza Nairobi igawanywe kwa rangi. Lakini wapishi na mayaya Waafrika waliendelea kulala uani kwa waajiri wao katika mitaa ya Wazungu. Kama hofu ilikuwa maradhi, hao wangetangulia kuondolewa. Wengine watasema chuki yatosha kueleza yote. Chuki ilikuwapo, ila haielezi kwa nini dola iliwatuza Wanubi makazi kwa utumishi wao na bado ikawanyima umiliki. Hesabu ya ardhi inaeleza: aliye na hati hafukuziki kirahisi mji unapopanuka.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba Kenya haikuwa Afrika Kusini, na kwamba Waraka wa Devonshire wa 1923, tamko la sera la serikali ya Uingereza, uliachana na wazo la kuwatenga Wahindi na Wazungu mijini. Tofauti ipo: Makaburu waliokamata serikali mwaka 1948 waliupa mfumo wao jina na kuufanya itikadi ya dola. Hata hivyo, waraka huohuo uliwaachia Wazungu nyanda za juu, na Waafrika wa Nairobi wakaendelea kupangiwa maeneo yao, kama Pumwani. Mwaka 1948 huohuo mji ulipata mpango mkuu uliotayarishwa na timu iliyoongozwa na Thornton White, profesa wa Cape Town. Jina lilikosekana; kazi ilifanyika.

Faida ya istilahi hii ni kwamba hutuelekeza mahali pa kutafuta tiba. Ubaguzi tunaweza kuukemea kwa mahubiri. Utengaji hutenguliwa kwa hati. Wanubi walipata hati yao ya jumuiya mwaka 2017, miaka 54 baada ya uhuru, nayo ilikuwa ya ekari 288. Sheria za rangi zilikuwa zimekwisha kufutwa zamani, lakini mgawanyo wa ardhi uliotokana nazo ulikuwa bado unangoja.