Rhino Charge: Mbio za Makorongo Zilizojenga Uzio

Mwaka 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Miaka ya 1980 ilipokaribia kwisha, hawakufika 400. Kwetu Tanzania hali haikuwa afadhali, na wenye umri wangu wanaikumbuka Operesheni Uhai ya 1989, serikali ilipowafuata majangili mpaka ndani ya mapori. Katika siku hizo ngumu ndipo Rhino Charge ilipozaliwa. Asiyezijua siku hizo atashangaa kwa nini watu wenye akili timamu waliamua kuvunja magari yao kwenye mawe kwa ajili ya mnyama.

Heshima ya kwanza ni ya Ken Kuhle. Mwaka 1988 alianzisha mfuko wa Rhino Ark baada ya kuona vifaru wa milima ya Aberdare wakiisha. Shabaha yake ilikuwa moja: kujenga uzio wa umeme kwenye Salient, sehemu ya hifadhi inayoshuka upande wa mashariki hadi kugusa mashamba ya watu. Huko ndiko iliko Treetops, hoteli ya juu ya mti alikolala Elizabeth usiku ule wa Februari 1952 baba yake alipofariki, akawa malkia wa Uingereza bila kujua. Lakini wenyeji wa Salient walikuwa na habari nyingine za usiku. Tembo walishuka kula mahindi yao, na majangili wakapanda kufuata pembe. Kuhle aliona kwamba uzio mmoja ungemlinda mkulima na kifaru kwa pamoja, na hapo ndipo ninapompa sifa kubwa kuliko wengine wote, kwa kuwa wengi wakati ule walimtazama mkulima kama adui wa hifadhi.

Kilichokosekana ni fedha. Kuhle akaungana na Rob Combes na Brian Haworth, na kwa pamoja wakabuni mashindano ambayo Afrika Mashariki haikuwa imeyaona. Sisi tulikuwa tumelelewa na Safari Rally, vumbi na mwendo kasi, na tukimsifu Bert Shankland wa Dar es Salaam aliyeshinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Rhino Charge iligeuza hesabu. Timu hupewa vituo 13 vilivyotawanywa porini na saa 10 za kuvifikia, na kati ya wanaovimaliza vyote, mshindi ni aliyetembea kilomita chache zaidi. Barabara hakuna. Ukizunguka kilima, kilomita zinakula ushindi wako; ukikipanda, huenda ukaiacha ekseli huko huko. Nasema bila kusita kwamba ni wazo bora kuliko yote yaliyowahi kutoka kwetu katika michezo ya magari.

Mashindano ya kwanza yalifanyika Februari 1989. Kuingia kulikuwa na sharti: kila timu ilete fedha ilizochangisha kwa ndugu, marafiki na kampuni, nazo zikajenge uzio. Sharti hilo halijaondolewa hadi leo.

Sisi wa Mwanza, tunaojenga nyumba juu ya mawe kuanzia Capri Point hadi Bugando, hudhani tunayajua mawe. Nenda kwanza ukaone Land Rover ikishushwa korongoni Samburu au Baringo. Wakimbiaji hutangulia kwa miguu kwenye jua kali, chupa ya maji mkononi, wakitafuta mahali ambapo tairi litashika. Dereva haoni kitu mbele ya boneti ila anga, naye hufuata mkono wa mwenzake: kushoto kidogo, simama, achia breki. Jiwe likikataa, hupangwa mawe mengine chini ya gurudumu. Likikataa tena, waya wa winchi hufungwa kwenye mgunga na gari zima huvutwa kama ndoo kisimani. Mahali penyewe hufichwa mpaka siku chache kabla ya mashindano, ili asiwepo wa kwenda kuzikagua njia mapema.

Uzio wa Salient ulipoanza kufanya kazi, wakulima wa maeneo mengine ya mlima waliutaka wao pia. Ndipo ikaamuliwa kuizungushia Aberdare yote, msitu ambao Nairobi hupata humo maji yake mengi. Kazi yote, tangu Salient, ilichukua miaka 20. Agosti 2009 Rais Mwai Kibaki alizindua uzio uliokamilika, kilomita 400 hivi. Vifaru wa Aberdare hawakurudi kwa wingi tuliouombea, lakini msitu ulisimama, na mahindi yakavunwa na walioyapanda.

Baada ya hapo mambo yamekwenda kwa kasi. Mwaka 2012 ulianza uzio wa Mlima Kenya. Mwaka 2014 ukakamilika wa msitu wa Mau Eburu, kilomita 43. Mwaka 2020 korona ilisimamisha mashindano, na waandaaji walibeba mzigo huo kwa utulivu. Kisha kazi ikafika msitu wa Kakamega, ambao Mto Yala hupita humo ukienda Ziwa Victoria. Madereva, wafadhili, mafundi na walinzi wa uzio waliofanikisha haya ni wengi mno kutajwa hapa. Wapokee shukrani.

Mashindano hufanyika kila mwaka karibu na tarehe 1 Juni, sikukuu ya Madaraka ya Kenya. Kutoka Mwanza ni kupita Bunda na Tarime, kisha kuvuka mpaka pale Sirari. Wenye magari ya porini wa Mwanza, Musoma na Bukoba, undeni timu. Na asiye na gari achangie timu ya mwenzake, maana maji ya Yala yanakuja kwetu.