Matembezi ya Wakristu katika Kinshasa, 16 Februari 1992

Wengine wanazania kwamba raia asiye na cheo hana neno katika mambo ya serkali. Tuangalie yaliyotokea Kinshasa.

Tarehe 19 Januari 1992 minisitiri wa kwanza, Nguz Karl-i-Bond, alifunga Mkutano Mkuu wa Taifa. Humo wajumbe zaidi ya 2.000, chini ya Askofu mkuu Monsengwo, walikuwa wakitafuta kanuni mpya za inchi. Wakristu hawakushika silaha. Siku ya Mungu, 16 Februari, kisha Misa, walitoka katika maparokia na rozari na Biblia, wakiimba. Waliomba neno moja tu: Mkutano ufunguliwe. Hata mama wa sokoni aliweza kulieleza. Askari wakapiga bunduki. Watu wengi wakafa.

Nani aliwaita? Si maaskofu. Ni walayiki, wakisaidiwa na mapadri wachache. Lakini naona shina lake ni la zamani zaidi. Tangu 1975 Kardinali Malula aliwapa walayiki, ndio bakambi, uongozi wa maparokia. Na katika jumuiya ndogo watu walizoea kukutana, kubishana bila kupigana, kupokea kazi na kuitimiza. (Padri anayeogopa walayiki wenye akili afikiri hapo.)

Mwezi wa Aprili Mkutano ukafunguliwa. Tarehe 15 Agosti ukamchagua Tshisekedi kuwa minisitiri wa kwanza. Lakini Mobutu alishika utawala mpaka silaha zilipomwondoa katika 1997. Tarehe 31 Desemba 2017 walayiki wa Kinshasa wakaita watu tena. Safari hii kwa ajili ya uchaguzi uliokawia. Ulifanyika 30 Desemba 2018.