Dengu Zilizokimbia Aleppo

Hapa kambini ukisema dengu, Mkenya anafikiri zile ndogo za kijani, na sisi wa Kongo tunawaza zile njano za mgao. Mimi nazungumzia zile nene za rangi ya maziwa, zenye ncha kama mdomo wa kifaranga. Waarabu wanaziita humus.

Kule Syria mvua hunyesha wakati wa baridi, kiangazi ni kikavu kabisa. Cha ajabu, wakulima walikuwa wanangoja mpaka mvua ikaribie kwisha, kama mwezi wa 3 hivi, ndipo wapande dengu. Si ujinga. Ukipanda kwenye baridi na unyevu, kuna ugonjwa wa ukungu unaotia mabaka majani na mashina, na shamba zima linaweza kufa. Basi walichagua hasara ndogo ili wakwepe kubwa: mmea ulikua kwa unyevu uliobaki ardhini tu, na maua yakakutana na joto.

Mwaka 1977 kilianzishwa ICARDA, kituo cha utafiti wa kilimo cha nchi kavu, mashamba yake yakiwa Tel Hadya, kusini mwa Aleppo. Watafiti walikusanya mbegu kutoka nchi nyingi, wakazipanda wakati wa baridi, halafu wao wenyewe wakatawanya mabua yenye ugonjwa juu yake. Kazi ya roho ngumu hiyo: unapanda ili uone nini kitakufa. Zilizopona zikapandwa tena, zikajaribiwa tena, msimu kwa msimu. Mwaka 1986 Syria ikaidhinisha mbili, Ghab 1 na Ghab 2. Ya kwanza asili yake Uturuki, ya pili Umoja wa Kisovieti. Wageni wote wawili, lakini wakapewa jina la bonde la Syria yenyewe. Hapo nilicheka peke yangu. Mimi nina miaka 14 hapa, bado naitwa mgeni.

Vita ikaja. Mwaka 2012 makao makuu yakahamia Beirut. Watu wanapenda kusema mbegu ziliokolewa na ghala la Svalbard, kule kwenye barafu ya Norwei. Ghala ni ghala tu, jamani. Waliookoa ni wale walioanza kufunga nakala za mbegu na kuzituma tangu 2008, Aleppo ikiwa bado imetulia, na wakaendelea hata risasi zilipoanza kulia. Mama yangu alikimbia na sufuria na redio. Maharage ya mbegu yakabaki yananing'inia juu ya mafiga. Simlaumu. Nani aliwahi kutuambia tuweke nakala?

Mwaka 2015 ICARDA ikaomba masanduku yake, ikawa ya kwanza kabisa kutoa mbegu zake ghalani humo. Zikapandwa upya Morocco na Lebanon, na 2017 nakala nyingine zikaanza kurudishwa Svalbard. Huko Lebanon ni Terbol, kwenye Bonde la Bekaa. Ndiko pia wanakoishi Wasyria wengi waliokimbia, kwenye mahema.