Undumakuwili katika haki za binadamu

Undumakuwili katika haki za binadamu ni tabia ya nchi, au ya wananchi wake, kuhukumu makosa ya nchi nyingine kwa kipimo kikali kuliko kile wanachotumia kujipima wenyewe au kuwapima marafiki zao. Tabia hiyo inahusiana na picha ambayo kila taifa hujijengea: taifa huru, taifa la sheria, kisiwa cha amani. Kosa la nchi ya mbali huhesabiwa kuwa ndiyo desturi yake. Kosa lilelile likitokea nyumbani huitwa bahati mbaya, au kazi ya watu wachache wabaya.

Jina

Ndumakuwili ni nyoka anayesemekana kuwa na kichwa mbele na nyuma, na kwa hiyo mtu mnafiki huitwa kwa jina lake. Methali za Kiswahili zinaijua tabia hii vizuri. "Nyani haoni kundule" humhusu asiyeona aibu yake, na "Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu" humhusu anayeona sawa mwenzake atendewe jambo ambalo yeye mwenyewe asingelivumilia.

Namna zake

Undumakuwili huonekana kwa namna tatu:

- kulaani makosa ya wengine huku ya nyumbani yakifichwa;
- kulaani makosa ya adui huku yale ya rafiki au mshirika wa biashara yakinyamaziwa;
- kujibu shutuma kwa shutuma ("hata ninyi mnafanya"), bila kujibu swali lenyewe.

Mwanzo wa Umoja wa Mataifa

Mfano wa mapema ni wa Jan Smuts, waziri mkuu wa Afrika Kusini. Mwaka 1945 alishiriki kuandika utangulizi wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa, unaotaja imani katika haki za msingi za binadamu. Nyumbani kwake Waafrika walio wengi hawakuwa na kura, na walitembea kwa pasi. Mwaka 1946 India iliishtaki Afrika Kusini mbele ya Umoja wa Mataifa kwa jinsi ilivyowatendea watu wenye asili ya Kihindi. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu lilipopitishwa tarehe 10 Desemba 1948, nchi 48 zilikubali, hakuna iliyokataa, na 8 hazikupiga kura upande wowote. Miongoni mwa hizo 8 zilikuwemo Afrika Kusini, Saudia na Muungano wa Kisovyeti.

Vita Baridi

Wakati wa Vita Baridi, Marekani na Muungano wa Kisovyeti zilishtakiana mbele ya dunia kwa miaka zaidi ya arobaini. Kila upande ulikuwa na mengi ya kweli ya kusema juu ya mwenzake.

Marekani ilijiita kiongozi wa ulimwengu huru, lakini katika majimbo ya kusini watoto Weusi walitengwa shuleni, na wazazi wao wengi walizuiwa kupiga kura. Mwaka 1947 chama cha NAACP kilipeleka malalamiko Umoja wa Mataifa, yakiwa yamehaririwa na mwanazuoni W. E. B. Du Bois. Wasovyeti waliyaunga mkono, na Tume ya Haki za Binadamu haikuyachunguza. Eleanor Roosevelt, mwenyekiti wa tume hiyo, alikuwa pia mjumbe wa bodi ya NAACP. Hata hivyo alipinga suala hilo kupelekwa mbele, akihofia kwamba lingewanufaisha Wasovyeti.

Wasovyeti nao walikuwa na katiba ya mwaka 1936 iliyoahidi uhuru wa kusema na wa kukusanyika. Mwaka uliofuata ulianza msako mkubwa wa Stalin, ambao uliua mamia ya maelfu ya watu na kuwapeleka wengine wengi katika kambi za kazi za lazima. Mwaka 1956 vifaru vya Kisovyeti vilizima maasi ya Hungaria, na mwaka 1968 viliingia Chekoslovakia.

Pamoja na hayo, kelele za wapinzani ziliwasaidia wananchi wa pande zote mbili. Desemba 1952 serikali ya Marekani iliieleza Mahakama Kuu ya nchi hiyo kwamba ubaguzi wa rangi uliwapa Wakomunisti silaha ya propaganda. Mwaka 1954 mahakama ikaamua kwamba kutenga shule za umma kwa rangi ni kinyume cha katiba. Mwaka 1961 Adam Malick Sow, balozi wa Chad, alikataliwa huduma katika mkahawa kando ya barabara namba 40 jimboni Maryland. Wanadiplomasia wengine wa Kiafrika walipatwa na mambo kama hayo. Serikali ya Kennedy ikalazimika kuwabembeleza wenye mikahawa, na sheria ya kupiga marufuku ubaguzi wa namna hiyo nchini kote ilipatikana mwaka 1964.

Kwa upande wa pili, Wasovyeti walitia saini Mapatano ya Helsinki mwaka 1975, yaliyotaja haki za binadamu. Mwaka 1976 raia wachache wa Moscow, wakiongozwa na mwanafizikia Yuri Orlov, waliunda kikundi cha kufuatilia kama serikali yao inatimiza ilichosaini. Orlov alikamatwa mwaka uliofuata, lakini mfano huo uliigwa katika nchi nyingine za Ulaya ya Mashariki.

Uingereza na Kenya

Mwaka 1951 Uingereza ilikuwa nchi ya kwanza kuridhia Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu. Oktoba 1952 ilitangaza hali ya hatari nchini Kenya ili kupambana na Mau Mau. Makumi ya maelfu ya watu, hasa Wakikuyu, waliwekwa kambini bila hukumu, na wengi walipigwa na kuteswa. Katika kambi ya Hola, tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa kwa kukataa kazi. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidai kwamba walikufa baada ya kunywa maji.

Suala hilo lilifika bungeni London. Kati ya waliosema kwa ukali alikuwa Enoch Powell, mbunge wa chama tawala, aliyedai kwamba Uingereza haiwezi kuwa na kipimo kimoja kwa Afrika na kingine kwa nyumbani. Mbunge huyohuyo alijulikana zaidi tangu mwaka 1968 kwa kupinga vikali uhamiaji wa watu wasio Wazungu nchini mwake. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa wadai 5,228.

Kenya huru nayo haikujitenga na urithi huo. Marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau iliondolewa mwaka 2003 tu, na kuweka watu kizuizini bila kesi kuliendelea. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alishikiliwa hivyo tangu Desemba 1977 hadi Desemba 1978.

Afrika huru

Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), ulioundwa Addis Ababa mwaka 1963, ulipinga ubaguzi wa makaburu kwa haki kabisa. Lakini kanuni ya kutoingilia mambo ya ndani ya nchi wanachama iliufanya unyamaze Waafrika walipouawa na serikali zao wenyewe. Mwaka 1975 mkutano wa wakuu ulifanyika Kampala, na Idi Amin akawa mwenyekiti. Tanzania, Zambia na Botswana zilisusia. Serikali ya Tanzania ilieleza kwamba Afrika inayonyamazia mauaji yanayofanywa na viongozi Weusi inadhoofisha sauti yake dhidi ya makaburu.

Msimamo huo ulikuwa wa ujasiri. Hata hivyo Tanzania yenyewe ilikuwa na sheria ya mwaka 1962 iliyomruhusu rais kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani, na katika miaka ileile ya 1970 wananchi wengi walihamishiwa vijijini kwa nguvu. Watuhumiwa wa mauaji ya kishirikina waliteswa na vyombo vya dola huko Mwanza na Shinyanga, na baadhi walikufa. Ali Hassan Mwinyi, waziri wa mambo ya ndani, alijiuzulu mwaka 1977 kwa sababu hiyo ingawa hakuhusika mwenyewe. Mwaka 1992 Tume ya Nyalali ilitaja sheria 40 za nchi kuwa kandamizi.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ina makao yake Arusha. Mwaka 2019 Tanzania, nchi mwenyeji, iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na mashirika kuishtaki moja kwa moja katika mahakama hiyo. Rwanda ilikuwa imefanya hivyo mwaka 2016.

Je, unafiki unafuta shutuma?

Mshtaki mnafiki anaweza kusema kweli. Ubaguzi wa Little Rock haukuwa uongo kwa sababu umetajwa na Moscow, na kambi za Siberia hazikuwa uongo kwa sababu zimetajwa na Washington. Jibu la "hata ninyi" huonyesha tabia ya mshtaki, lakini halimfungui aliyefungwa bila kesi wala halimrudishi aliyeuawa.

Kwa upande mwingine, undumakuwili una madhara ya kweli. Unawapa watawala kisingizio cha kukataa kila lawama kuwa ni njama za wageni, na unawafundisha wananchi kwamba haki ni lugha ya wenye nguvu tu.

Njia mojawapo ya kupunguza tatizo hilo ni mapitio ya Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa, yaliyoanza mwaka 2008. Humo kila nchi mwanachama, kubwa au ndogo, huhojiwa na nyingine kwa zamu kila baada ya miaka minne au mitano. Mapendekezo hayana nguvu ya kulazimisha, na marafiki husifiana. Hata hivyo anayeuliza leo anajua kwamba zamu yake ya kuulizwa itafika.

Tazama pia

- Haki za binadamu
- Vita Baridi
- Mau Mau
- Umoja wa Nchi Huru za Afrika
- Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu